Risasi ndani ya sufuria: Safari ya Mwanza hadi Lamadi na somo la mwindaji kwa mzazi

Mwanza. Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Risasi pia ni madini ya kijivu, laini na mazito, yale yanayokaa ndani ya betri ya gari. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, ambako ni jina la madini hayo. Kitu cha bunduki kikarithi jina kwa sababu ndicho kilichotengenezwa nayo.

Maana hizo mbili hukutana mahali ambapo wazazi wengi hawapafikirii: kwenye kipande cha nyamapori kinachochemka jikoni. Mwindaji aliyelenga vizuri na kuchagua risasi ifaayo humpunguzia mnyama mateso, na wakati huohuo humlinda mtoto atakayekula nyama hiyo. Aliyefyatua ovyo huwaumiza wote wawili, mmoja kwa maumivu ya papo hapo, mwingine taratibu bila dalili.

Kulielewa jambo hili hakuhitaji kushika bunduki. Yatosha kupita barabara ya Mwanza kwenda Musoma, umbali wa takriban kilomita 140 hadi lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na kusimama mahali panapostahili.

Swala wa Saanane

Kituo cha kwanza kiko ziwani, mjini kabisa. Kisiwa cha Saanane kinafikiwa kwa boti kutoka Capri Point kwa mwendo wa dakika chache. Kilikuwa bustani ya wanyama mwaka 1964, kikabeba jina la mzee aliyeishi hapo kwa uvuvi na kilimo, Mzee Saanane Chawandi. Mwaka 2013 kikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na kwa ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo mbili tu, ni miongoni mwa hifadhi ndogo kabisa nchini.

Familia nyingi za Mwanza huja hapa Jumapili kwa picha na upepo. Lakini mtoto anayemtazama swala akiwa amesimama ubavu, akitafuna bila haraka, anaona kile ambacho mwindaji hujifunza kwa miaka. Nyuma ya goti la mguu wa mbele ngozi hucheza mnyama anapovuta pumzi. Hapo ndipo penye moyo, chini kifuani, kati ya miguu ya mbele. Juu yake kidogo yametanda mapafu.

Eneo hilo si kubwa. Kwa swala halizidi sana sahani ya chakula. Nje ya sahani hiyo kuna bega, tumbo, utumbo na mgongo, na kila kimoja kikipigwa kina adha yake.

Shule ya Pasiansi

Barabara iendayo uwanja wa ndege wa Mwanza inapita Pasiansi. Abiria wa daladala hulijua jina hilo kama kituo. Kwa watu wa uhifadhi ni jina la chuo: Taasisi ya Taaluma ya Wanyamapori Pasiansi, iliyoanza mwaka 1966, ambako askari wengi wa wanyamapori wa nchi hii wamefundishwa. Mafunzo yake yana nidhamu ya kijeshi, na matumizi ya silaha ni sehemu yake.

Kwa nini mlinzi wa wanyama afundishwe kupiga risasi? Jibu liko ufukweni. Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Victoria, kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani na mazao, na mamba huvizia pale watoto wanapochota maji. Mnyama akishaua au akizoea kuingia vijijini, wananchi hutoa taarifa kwa serikali ya kijiji na kwa afisa wanyamapori wa wilaya, naye ndiye huomba nguvu ya askari. Wakati mwingine mnyama hufukuzwa. Wakati mwingine hulazimu auawe.

Hapo ndipo elimu ya shabaha inapoonekana faida yake. Kiboko mzima hufikisha uzito wa tani moja na nusu na hata zaidi, lakini akiwa majini anaonyesha macho, masikio na pua tu. Ubongo wake ni mdogo na umezungukwa na mfupa mnene. Risasi ikikosea kwa kiganja kimoja, kijiji hakijaondokewa na hatari. Kimeongezewa kiboko mwenye jeraha na hasira, karibu na njia ya kuchotea maji.

Mahali pa kulenga

Kanuni ambayo wawindaji wa maadili hukubaliana nayo ni nyepesi kuieleza. Mnyama asimame ubavu au karibu na ubavu. Jicho lifuate mguu wa mbele kutoka chini kwenda juu, hadi theluthi ya kwanza ya kimo cha kiwiliwili. Hapo risasi hupita kwenye mapafu yote mawili au sehemu ya juu ya moyo. Damu haifiki tena kwenye ubongo, na mnyama huanguka ndani ya sekunde chache au baada ya kukimbia hatua kadhaa.

Kichwa huwavutia wanaotaka kujionyesha. Lakini kichwa hakitulii, na ubongo ni mdogo. Risasi ikivunja taya, mnyama hukimbia akiwa hai na kufa kwa njaa na kiu siku kadhaa baadaye. Tumboni ni pabaya pia. Mnyama anaweza kuteseka kwa saa nyingi, na uchafu wa utumbo humwagika ndani ya nyama pamoja na vijidudu vyake.

Kuna jambo la tatu ambalo mpishi hulijua kwa macho hata kama hajui sababu. Mnyama aliyekimbizwa muda mrefu akiwa na jeraha humaliza sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli yake. Nyama yake haipati ile asidi ya kawaida inayoilinda baada ya kuchinjwa. Huwa nyeusi, ngumu, na huoza upesi. Nyama ya mnyama aliyekufa haraka ni bora zaidi, na mchuzi wake hauhitaji kufichwa kwa viungo.

Afrika Mashariki ina mfano mashuhuri wa uzito wa shabaha. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mskoti W.D.M. Bell, aliyepewa jina la Karamojo kwa ajili ya nchi ya Wakaramojong huko Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi kwa bunduki ndogo kuliko zile ambazo wenzake waliziamini. Alipasua mafuvu ya tembo ili ajue hasa ubongo umekaa wapi. Biashara yake ya pembe haina cha kusifiwa leo. Lakini somo lilibaki: kujua mwili wa mnyama kunashinda ukubwa wa bunduki.

Hata hivyo hakuna anayeshauriwa kuiga bunduki ndogo ya Bell. Kwa nyati, kiboko, simba na tembo, kiwango cha chini kinachofuatwa ni bunduki ya kipenyo cha .375, ambayo risasi yake ya kawaida ina uzito wa takriban gramu 19. Shabaha njema yenye risasi dhaifu humwacha nyati akiwa hai na mwindaji akiwa hatarini.

Wawindaji wa Bujora

Kilomita zisizofika 20 kutoka Mwanza, Kisesa, kibao huonyesha njia ya Bujora. Hapo kuna Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoasisiwa na padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyependa ngoma za watu hawa. Watoto hufurahia ngoma kubwa na nyumba za msonge. Wazazi wangeweza pia kuuliza habari za vyama vya ngoma: wapo Bagobogobo wanaocheza na majembe, Bagoyangi wanaocheza na nyoka, na Banunguli, ambao chama chao kilitokana na wawinda nungunungu walioingia hadi ndani ya mashimo kumfuata mnyama.

Uwindaji usukumani haukuwa kazi ya yeyote mwenye silaha. Ulikuwa na chama, wakubwa wake, dawa zake na miiko yake. Kijana aliingia akafundishwa kwanza.

Sheria ya leo inajaribu kufanya kazi ileile kwa maandishi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inataka kila mwindaji awe na leseni, na inakataza sumu, mitego, mashimo na kupiga mnyama kutoka ndani ya gari. Aliyemjeruhi mnyama ana wajibu wa kumfuata na kummaliza. Katika vitalu vya uwindaji, mnyama aliyetoka damu kisha akapotea hulipiwa sawa na aliyeanguka. Pesa hiyo humfanya mteja afikiri mara mbili kabla ya kuvuta kidole.

Ghuba ya Speke

Baada ya Kisesa barabara huvuka mto Simiyu, hupita Magu, na upande wa kushoto ziwa hujitokeza na kujificha. Maji hayo ni Ghuba ya Speke. John Hanning Speke, Mwingereza, aliliona ziwa karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akaliita kwa jina la malkia wake. Wenyeji walikuwa na majina yao kwa maji hayo kabla yeye hajazaliwa.

Jambo lisilosimuliwa sana ni namna alivyokufa. Tarehe 15 Septemba 1864, akiwa nyumbani Uingereza katika uwindaji wa kwale, alikuwa akivuka ukuta mfupi wa mawe bunduki yake ilipofyatuka na kumpiga kifuani. Mtu aliyerudi hai kutoka safari zake za Afrika aliuawa na bunduki yake mwenyewe, penye ukuta mfupi.

Kwa kaya yenye bunduki halali, au gobore la babu lililobaki darini, hadithi hiyo inatosha. Silaha haivushwi ukuta, haipandishwi kwenye boti wala kwenye bodaboda ikiwa na risasi. Nyumbani hufungiwa, na risasi hufungiwa mahali pengine. Gobore lisilo na kibali lina njia moja tu, nayo ni kituo cha polisi.

Lamadi, mlangoni mwa Serengeti

Lamadi ni mji wa malori, nyanya, samaki wa kukaanga na wageni wanaouliza njia. Kidogo mbele yake ni lango la Ndabaka. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, hakuna uwindaji wa aina yoyote. Uwindaji wa leseni hufanyika kwenye mapori ya akiba na maeneo yaliyotengwa nje yake, kama Pori la Akiba Maswa lililoko kusini, upande wa Simiyu.

Kila mwaka, kati ya Mei na Julai, sehemu ya nyumbu wa Serengeti hupita ukanda huu wa magharibi. Ndipo nyaya hutegwa. Mtego wa waya hauchagui dume wala jike mwenye mimba, wala hauna mahali pa kulenga. Nyumbu hunaswa shingo au mguu na kukaa hapo hadi mtegaji arudi, akirudi. Nyama yake huuzwa gizani, ikiwa imekaushwa au mbichi, bila daktari wa mifugo kuiona.

Mzazi anayeinunua kwa sababu ni nafuu kuliko ya ng'ombe anabeba hatari asiyoiona. Kimeta, ugonjwa uliowahi kuua wanyama na watu kaskazini mwa Tanzania, huweza kumwingia mtu anapomchuna mnyama aliyekufa nao. Brusela na homa ya Bonde la Ufa nazo hupita kwenye damu na nyama ambayo haijapimwa. Mnyama aliyekutwa amekufa porini si bahati ya familia.

Vipande visivyoonekana

Tuseme basi nyama ni halali, mwindaji ana leseni, shabaha ilikuwa nzuri na mnyama alianguka palepale. Bado kuna swali moja: risasi ilikuwa ya aina gani?

Kuna aina tatu kubwa. Ya kwanza ni ngumu, haitanuki wala haipasuki. Hutumika kwa tembo na kiboko, kwa kuwa lazima ipenye mfupa mnene. Ya pili ina kiini cha madini ya risasi ndani ya ganda jembamba la shaba, na ncha yake ni laini. Ikigonga mwili hutanuka kama uyoga ili kuharibu mapafu haraka. Hii ndiyo iliyozoeleka kwa swala, kongoni na pofu. Ya tatu ni ya shaba tupu. Nayo hutanuka, lakini haimwagi vipande.

Tatizo liko kwenye ya pili. Inapotanuka kwa kasi, kiini chake humeguka na kutawanya chembe ndogo, nyingine ndogo kuliko punje ya chumvi. Meno hayazihisi na jicho halizioni. Mwaka 2008, Idara ya Maliasili ya jimbo la Minnesota, Marekani, ilifyatulia mizoga ya kondoo risasi za aina mbalimbali na kuipiga picha za eksirei. Baadhi ya chembe zilikutwa zaidi ya sentimita 25 kutoka kwenye tundu la jeraha.

Mwaka huohuo, jimbo jirani la North Dakota liliomba vituo vya chakula cha msaada vitupe nyama ya paa iliyotolewa na wawindaji, baada ya daktari mmoja kuikuta na chembe za madini. Kisha damu ya watu 738 ilipimwa. Waliokula nyamapori walikuwa na kiwango cha juu kidogo cha risasi kuliko wasiokula. Hawakuwa wagonjwa, na tofauti haikuwa kubwa. Lakini walikuwa wengi wao watu wazima.

Kwa mtoto hesabu hubadilika. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtoto mdogo hufyonza madini ya risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima anapoyameza, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mwili huyachukua kana kwamba ni kalsiamu na kuyaweka kwenye mifupa. Mama mjamzito anaweza kumpitishia mtoto aliye tumboni. Athari zake ni akili kudumaa, umakini kupungua darasani na upungufu wa damu. Mara nyingi hakuna homa wala maumivu ya kumpeleka mtu zahanati.

Ndiyo maana madini haya yaliondolewa kwenye petroli hadi nchi ya mwisho, Algeria, ilipoacha mwaka 2021. California ilikamilisha marufuku ya risasi zenye madini hayo katika uwindaji Julai 2019. Denmark ilifuata kwa risasi za bunduki kubwa mwaka 2024. Ndege nao wamo hatarini: nchini Botswana, tai mizoga walikutwa na risasi nyingi kwenye damu, hasa msimu wa uwindaji, kwa kula mabaki ya wanyama waliopigwa.

Buchani na jikoni

Kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu mabucha ya nyamapori yenye kibali, yanayouza nyama iliyopatikana kihalali na kukaguliwa. Kwa mzazi hilo ndilo duka la kuanzia. Maswali machache hayana aibu:

• Kibali cha bucha kiko wapi, na nyama imekaguliwa na nani?

• Mnyama alipigwa wapi? Paja la mnyama aliyepigwa kifuani liko mbali na chembe kuliko bega na mbavu.

• Risasi ilikuwa ya shaba au yenye madini ya risasi? Muuzaji asiyejua leo, akiulizwa na wateja kumi, atamuuliza mwindaji kesho.

Jikoni, nyama iliyovilia damu na iliyo karibu na tundu ikatwe na kutupwa, pamoja na nyama nzima inayolizunguka kwa upana wa kiganja au zaidi. Hilo hupunguza hatari, haliimalizi. Isisagwe kwa ajili ya sambusa au kababu, kwa sababu mashine hutawanya chembe katika nyama yote. Isitupiwe mbwa, ifukiwe.

Moto hauondoi madini ya risasi. Limao, siki na nyanya, ambavyo kila jiko la Mwanza hulainishia nyama ngumu, huweza kuyayeyusha zaidi yaingie kwenye mchuzi. Kama aina ya risasi haijulikani, watoto wadogo na mama wajawazito waiache. Ziwa liko karibu, na sato, sangara na dagaa hawapigwi bunduki.

Kwa mwindaji mwenye leseni, mzigo ni mdogo kuliko anavyodhani. Risasi za shaba ni ghali zaidi, lakini mwindaji anayesubiri mnyama asimame ubavu anahitaji moja tu. Akimsubiri, mnyama hufa haraka. Akiweka shaba kwenye mtutu, nyama atakayopeleka nyumbani inaweza kuliwa na mtoto wa miaka miwili bila mama yake kuuliza.